Barua ya wazi kwa Bodi ya klabu yetu ya Rotary: shimo la choo lipo, fedha zilikwenda Calgary

Ndugu Rais wa Klabu,
Ndugu Katibu,
Ndugu Mweka Hazina,
Ndugu wajumbe wote wa Bodi,

Wakubwa zangu shikamooni; wenzangu, habari za majukumu.

YAH: SHILINGI 7,200,000 ZA MATUNDU YA VYOO ZILIZOKWENDA KWENYE SAFARI YA KONGAMANO LA ROTARY LA DUNIA, CALGARY, KANADA, JUNI 2025

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono ofisini kwa Katibu tarehe 4 Septemba, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yangu ninayo. Ya pili niliituma kwa baruapepe mwezi Oktoba. Katikati hapo nilinyoosha mkono mara mbili kwenye kikao cha Alhamisi, tulipofika kwenye mengineyo. Mara ya kwanza nikaambiwa muda umekwisha na chakula kinapoa. Mara ya pili nikaambiwa hilo ni suala la Bodi. Bodi ikakaa, mimi sikuitwa, na majibu sikupata. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Jina la klabu sikuliandika, wala la mji, wala la shule. Ninyi mnajijua. Wapo wanachama zaidi ya ishirini ambao hawakushika hata senti ya fedha hizi, nao wana biashara na watoto mjini hapa. Sioni sababu ya kuwapaka tope. Mkilimaliza jambo hili kabla ya shule kufunguliwa Januari, hakuna mtu wa nje atakayehitaji kujua ni klabu ipi.

Kwa asiyejua, Rotary ni mtandao wa dunia wa klabu za kuhudumia jamii, na jambo lilianza hivi. Mwezi Machi tulifanya matembezi ya hisani ya kilomita tano. Fulana moja shilingi 25,000. Mimi nilikuwa mratibu, na kwa wiki tatu nilizunguka na boksi la fulana kwenye buti ya gari. Niliuza benki, niliuza hospitali, niliuza kwa mawakala wa mabasi. Nilimuuzia pia mama lishe mmoja nyuma ya stendi, ambaye kwa siku akijitahidi sana anabaki na elfu kumi na tano. Nilipomwambia ni kwa ajili ya matundu sita ya vyoo na chumba cha wasichana cha kujihifadhi pale shuleni, aliuliza, "Ile ile anayosoma mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. Akachukua mbili, ya kwake na ya binti, akalipa moja siku ile na nyingine kwa awamu tatu. Kila awamu nilimwandikia stakabadhi.

Tulipata shilingi 18,400,000. Gharama za fulana, maji, polisi wa barabarani na muziki zilikuwa 6,100,000. Zikabaki 12,300,000 za vyoo. Hesabu hizo ni zangu, nilizisoma mbele yenu tarehe 10 Aprili, na mlipiga makofi.

Sasa niyaseme yanayonikera, moja baada ya jingine.

1. Fedha za vyoo zilikopeshwa kwa wasafiri, na aliyezichanga hakuulizwa.

Fundi alichimba shimo, akaleta tofali, nondo na mchanga. Malipo yake ya kwanza na vifaa vilikula shilingi 3,900,000. Mwezi Juni akaja kudai fedha za saruji na mabati. Nikaenda kwa Mweka Hazina wa wakati ule nikitegemea kukuta milioni nane na laki nne kwenye akaunti ya miradi. Nikakuta milioni moja na laki mbili. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikaomba taarifa ya benki, nikaoneshwa muamala mmoja wa tarehe 23 Mei: shilingi 7,200,000, maelezo yake "Mkopo – safari".

Muhtasari wa kikao cha Bodi unasema wajumbe wawili kati ya wanne waliokuwa wanakwenda Calgary walikuwa fedha zao "zimeshikwa mahali", na bei za tiketi za ndege zilikuwa zinapanda, kwa hiyo Bodi iliridhia mkopo wa muda mfupi utakaorejeshwa kabla ya tarehe 31 Agosti. Leo ni Desemba.

Najua jibu mlilonalo mdomoni: ule ni mkopo, si wizi. Ndugu zangu, neno wizi sikulitaja. Lakini mkopo una mkopeshaji, na mkopeshaji hapa ni nani? Si Bodi, kwa sababu Bodi haikuchanga. Kila mwana-Rotary anafundishwa tangu mwezi wake wa kwanza kwamba klabu ina mifuko miwili: ada zetu wenyewe ndizo za kuendesha klabu, na kilichotoka kwa umma ni cha kazi iliyotangazwa kwa umma. Fulana ile mgongoni imeandikwa CHOO BORA, MTOTO SALAMA. Haikuandikwa nauli.

Wiki mbili zilizopita nilipita shuleni. Mvua za vuli zimelijaza shimo hadi nusu, maji ya kijani, na kandambili za plastiki zinaelea. Mwalimu Mkuu amezungushia matawi ya miiba na kamba ya katani ili watoto wa darasa la kwanza wasitumbukie. Tofali zimeota ukungu upande wa chini. Wasichana wa darasa la sita na la saba bado wanatumia matundu mawili ya zamani pamoja na shule nzima, na mlango mmojawapo ni gunia. Siku hizi kula nakula mtaa mwingine. Yule mama lishe bado anavaa ile fulana jikoni, imepauka, maandishi ya mgongoni yanasomeka kwa shida, na mimi sina maneno ya kumwambia.

2. Waliokwenda walikwenda kama nani?

Kabla sijasemwa kuwa nina wivu, niseme kwamba kongamano nalijua na nalipenda. Mwaka 2019 nilikwenda Hamburg kwa fedha zangu, baada ya kujibana miaka miwili. Sijawahi kuona kitu kama Nyumba ya Urafiki: ukumbi mzima wa meza, watu wa nchi usizozijua wanakushika mkono na kukuuliza klabu yenu inafanya nini. Nilikwenda na vibendera vyetu ishirini, nikarudi na ishirini vya wenzetu, na vile vinne vilivyotundikwa ukutani tunapokutania ni miongoni mwa hivyo. Nilirudi na anwani za watu, na ripoti ya kurasa tano ambayo niliisoma hapa Alhamisi mbili mfululizo hadi wengine wakasinzia. Kwa hiyo sina ugomvi na safari. Mwanachama akitaka kwenda kila mwaka kwa fedha zake, Houston 2022, Melbourne 2023, Singapore 2024, nitamsindikiza uwanja wa ndege.

Lakini tuliambiwa hawa wanne ni "ujumbe wa klabu". Haya, tuangalie taratibu. Klabu inapata mjumbe mmoja wa kupiga kura kwenye kongamano kwa kila wanachama 50 au sehemu iliyozidi nusu yake, na hata klabu ndogo haikosi mmoja. Sisi tuko 34. Kwa hiyo mjumbe wetu ni mmoja, mwenye hati iliyosainiwa na Rais na Katibu. Ni nani kati ya wale wanne? Nimeuliza kwa maandishi mara mbili. Alikwenda kwenye kikao cha uchaguzi? Alituwakilisha kwa maoni ya nani, wakati klabu haikuulizwa chochote kabla?

Tulichokipata kutoka Calgary ni picha 43 kwenye grupu la WhatsApp. Nilizihesabu. Nyingi ni nzuri, sikatai. Tumewaona na zile kofia nyeupe za wachunga ng'ombe ambazo mji ule huwavisha wageni wa heshima. Tumewaona kwenye maziwa ya milimani kule Banff, siku ambayo kwa ratiba kongamano lilikuwa linaendelea. (Kongamano lilikuwa tarehe 21 hadi 25 Juni; picha zina tarehe.) Ripoti hakuna. Hata klabu moja rafiki hatujatajiwa.

3. Binti wa Rotaract.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na halihusu fedha nyingi.

Oktoba mwaka jana klabu ilipitisha kwamba kijana mmoja wa Rotaract tunayoilea, yaani klabu ya vijana ya Rotary, aende Calgary, naye alipie viza na nusu ya nauli, klabu itafute nusu nyingine. Alichaguliwa binti mwalimu wa sekondari, mwaka wake wa pili kazini. Tangu 2019 klabu za Rotaract zinatambuliwa kama wanachama wa Rotary International, si watoto wa kubebea mabango wakati wa matembezi. Binti alilichukulia jambo hili kwa uzito. Alikata pasi ya kusafiria. Alilipa dola 185 za Kanada kutoka mfukoni, 100 za maombi ya viza na 85 za alama za vidole, akapanda basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya hizo alama za vidole, na kurudi usiku huo huo kwa sababu kesho yake alikuwa na kipindi.

Kilichobaki ni barua ya klabu kuthibitisha kwamba tutamlipia nusu ya nauli. Ukurasa mmoja, wenye muhuri. Aliiomba tarehe 17 Machi. Aliipata tarehe 24 Aprili. Wiki tano na ushei kwa ukurasa mmoja, na katika muda huo huo barua za wale wanne zilitoka siku moja. Pasi yake ilirudi kongamano likiwa limebakiza siku mbili. Siulaumu ubalozi hata kidogo. Wao walipokea karatasi zilipofika.

Nilipomuuliza Katibu wa wakati ule, alisema "ratiba zilibana". Binti hakulalamika. Alikuja Alhamisi iliyofuata akapanga viti kama kawaida, na siku wasafiri waliporudi alikuwa yeye aliyewapigia picha ya pamoja. Fedha zake hakuna aliyezitaja hadi leo.

4. Tunajifungia mlango wa ruzuku.

Mmesema, na mtasema tena, kwamba safari zile huzaa miradi mikubwa. Sawa. Ruzuku ya kimataifa ya Wakfu wa Rotary, mfuko wake wa kugharimia miradi, inaanzia bajeti ya dola 30,000, inataka klabu ya kwetu na klabu ya nje zishikane, na kabla ya yote inataka klabu isaini hati ya makubaliano kwamba itatunza fedha kwa akaunti inayoeleweka, stakabadhi, na ripoti kwa wakati. Mgeni wa kwanza kutoka Calgary akituandikia kesho akisema "tuoneshe mradi wenu wa mwisho na hesabu zake", tutamtumia nini? Picha ya shimo?

5. Faini.

Hili ni dogo lakini naliandika. Tarehe 13 Novemba sajenti, yule msimamizi wa nidhamu ya kikao, alinipiga faini ya shilingi 5,000 mbele ya wageni kwa "kuleta sura ya msiba mezani". Watu wakacheka, na mimi nililipa, maana faini za sajenti ni mchezo wetu na nimewahi kuwa sajenti mwenyewe. Usiku wa siku hiyo, saa nne na dakika kumi, nilitolewa kwenye grupu. Huo sasa si mchezo.

Najua yapo mawili mtakayoyasema mkishaisoma barua hii.

La kwanza, kwamba kila msafiri alijilipia na mkopo "uko njiani". Kama uko njiani, nipeni tarehe na stakabadhi. Wawili waliojilipia kweli tangu mwanzo nawaheshimu, na ningependa majina yao yatenganishwe na ya wenzao, kwa sababu mtaani wanahesabiwa wote kapu moja.

La pili, kwamba naichafua Rotary. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Klabu ya kwanza kabisa ya Rotary ilizaliwa Chicago tarehe 23 Februari 1905, watu wanne ofisini, wanatafutana urafiki na biashara. Miaka miwili ikapita kabla hawajafanya kazi yoyote ya maana kwa mji wao. Mnajua kazi ya kwanza waliyoishika mwaka 1907? Vyoo. Walianza kupigania vyoo vya umma katikati ya jiji, kwa sababu mtu aliyekuja mjini na kubanwa hakuwa na pa kwenda ila baa na maduka makubwa. Huko ndiko huduma tunayojivunia ilikoanzia. Mimi naona aliyeichafua Rotary ni yule aliyefunika kombe ili mwanaharamu apite, huku shimo la choo limejaa maji.

Na yale maswali manne tunayoyasoma kila Alhamisi kwa sauti moja kama watoto wa chekechea: Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki bora? Je, litakuwa na manufaa kwa wote wanaohusika? Herbert Taylor aliyatunga mwaka 1932 akiwa amekabidhiwa kampuni ya masufuria iliyokuwa inakufa kwa madeni. Yaani yalitungwa na mtu mwenye daftari la hesabu mbele yake. Mimi nimekwama kwenye lile la pili, pale panaposema "wote wanaohusika". Mama lishe yumo?

Ninachoomba ni hiki, na nimekipunguza nisije nikaambiwa naomba mwezi:

Kwanza, shilingi 7,200,000 zirudi kwenye akaunti ya miradi kabla ya tarehe 20 Desemba. Fundi amenihakikishia kwamba akipata saruji tarehe hiyo, wanafunzi wakiwa likizo, matundu manne yatakuwa yamesimama shule zikifunguliwa, na mawili pamoja na chumba cha wasichana yatafuata. Asiyeweza kurudisha zote kwa mkupuo asaini ahadi yenye tarehe, mbele ya wanachama wote, si mbele ya Bodi peke yake. Ndugu Rais, wewe ni mmoja wa wanne. Kwa heshima zote, siku suala hili linajadiliwa kaa kwenye kiti cha kawaida, mwachie kengele ya kuongozea kikao Makamu wako.

Pili, hesabu za matembezi, ukurasa mmoja tu, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Tatu, binti wa Rotaract arudishiwe dola zake 185 na nauli ya basi ya kwenda na kurudi. Na aombwe radhi, na aliyechelewesha barua, kwa mdomo wake.

Nne, tuwe na utaratibu wa safari ulioandikwa kabla ya kongamano lijalo: nani ni mjumbe, nani anajilipia, ripoti inasomwa lini. Kongamano la 2026 ni Taipei, tarehe 13 hadi 17 Juni, na tayari nasikia minong'ono ya nani anakwenda. Nawakumbusha tu kwamba Tanzania haina uhusiano wa kibalozi na Taiwan, kwa hiyo hakuna ubalozi wa kukimbilia pale Dar. Maombi yatapitia nchi nyingine na yatachukua muda. Mkiamua kumpeleka kijana, barua yake iandikwe mwezi Januari, siyo Aprili. Na kama klabu haina fedha, isipeleke mtu. Hakuna faini ya kutokwenda.

Sijaomba mtu ajiuzulu, wala simfukuzi mtu. Miaka kumi na moja nimekula nanyi wali wa Alhamisi, nimewazika wazazi wenu na ninyi mmemzika wangu, na sina pengine pa kwenda saa saba mchana siku hiyo.

Alhamisi ijayo nitakuja na daftari la stakabadhi za fulana, lenye majina yote ya walionunua. Nitaliweka mezani karibu na kengele. Anayetaka kulipitia alipitie. La mama lishe liko ukurasa wa tisa, mistari minne, kwa kuwa mwenzetu huyu alilipa mara nne.

Wenu katika huduma,

Mratibu wa Matembezi ya Hisani 2025,
mwanachama wenu tangu 2014.

Nakala:
Gavana wa Wilaya ya Rotary
Mwalimu Mkuu
Rais wa Klabu ya Rotaract